Dawa ya Sungura ku Shamba ya Hajji

Ni nani kati yenu anaweza kuangalia jani ya sukuma wiki yenye ilikatwa, aniambie kama ni mbuzi ao ni sungura? Mbuzi inapasua, inaacha nyuzi. Sungura ya pori inakata mulalo, safi, sawa mutu alipitisha wembe. Hiyo njo kazi nilifanyaka, kulinda mashamba ya batu, na masomo yangu iliishia ku kuandika jina.

Siku ya kwanza ilikuwa kule Kyarumba, ku bustani ya basista. Nilikuja na panga, nikifikiri nitakata sungura. Sista mukubwa wa bustani akacheka. "Weye utakimbia kuipita?" Akanionyesha kufunga uzio ya matete, na chini yake kulaza matawi ya miiba, kwa sababu sungura inaingiliaka chini. Kisha akanipeleka ku banda ya nguruwe. Tukachota mavi, tukalowesha mu maji, ikalala, tukachuja, tukanyunyiza ku majani. "Sungura ikisikia hii harufu," akasema, "inafikiri shamba iko na mwenyewe mubaya."

Nilikaa kule mupaka basista balifunga bustani. Ndipo nikateremuka Kikorongo, kwa Hajji. Hajji alikuwa na malori, na bibi yake, Hajja, alikuwa anapikia madereva mu hoteli yao. Shamba ya sukuma ya hoteli ilikuwa nyuma. Sungura ilikuwa inatoka mu paki ya banyama ya pori, na kuiua hatukuruhusiwa. Hajji akaniambia, "Mama, mimi sitaki kesi na maaskari wa paki. Wafukuze kwa heshima." Kwa heshima, sungura. Tulicheka na Hajja mupaka machozi.

Nikafunga uzio. Sungura zikapita. Basi nikaenda kwa jirani mumoja Mukatoliki, mwenye alifuga nguruwe, na jerikani yangu.

Sasa munielewe. Nilijua Baislamu habakule nguruwe. Nani hajue? Lakini mu kichwa yangu haramu ilikuwa mu nyama. Mavi ilikuwa dawa tu, sawa majivu. Ilinuka mbolea, na shamba gani hainuke mbolea? Sikuficha. Sikuuliza pia.

Sukuma ikanawiri. Dereva mumoja akasema, "Huyu mama anawinda bila bunduki." Hajja akaniita dada. Saa sita tulikuwa tunakula ku sahani moja, mimi na yeye. Kwa mutu sawa mimi, mwenye hajasoma, hiyo ilikuwa kubwa kupita mushahara.

Siku moja tuko tunakula, madereva beko ku meza, Hajja akaniuliza, "Dada, hiyo dawa yako ni nini? Nataka kumuambia ndugu yangu." Na kinywa yangu munaijua. Nikafurahi kuulizwa. Nikaanza mbali, ku basista, nikaigiza mupaka vile sungura inanusa, pua hivi, batu banacheka. Nikafika ku nguruwe.

Kicheko ikakatika. Dereva mumoja alikuwa na tonge karibu na mudomo. Akairudisha polepole, sawa mutu anaweka yai.

Hajja akaangalia sahani yetu. Akasema tu, "Dada."

Hajji hakutukana. Akamwaga sufuria, akaenda nyuma na jembe, akang'oa sukuma yote. Hajja akatoa byombo inje, akasugua na maji, na udongo, na maji tena. Nikainama nimusaidie. Akasema na sauti ya chini, "Acha, dada. Usiguse kwanza." Ile "kwanza" aliiweka kwa kunihurumia, nilisikia. Njo iliniumiza kupita yote.

Nikitoka, Hajji akanifuata ku mulango. "Mama, hukujua. Jumatatu urudi, tupande upya." Nikaitika, ndiyo Hajji. Sikurudi. Hivyo njo nilistaafu. Batu ya hapa Bwera banasemaka ni magoti iliniachisha kazi. Ninabaacha baseme.

Kufunga uzio mutajifunza, matete iko mingi. Lakini mbele ya kunyunyiza kitu, uliza ni kinywa gani itakula. Mimi nilijua yote yenye sungura haipende. Hajja mwenyewe, mwenye alinipa sahani yake, sikumuuliza kitu.

Juzi mujukuu wangu Mbambu alikuwa anapeleka kahawa Kasese, gari ikasimama Kikorongo, akaingia kula. Mama muzee wa hoteli akasikia anatoka Bwera, akamuuliza, "Ile mama yetu ya sungura, iko muzima? Ninaulizaka kila mutu wa Bwera." Mbambu akarudi amenikasirikia. "Koko, huyu mama anakungoja, na weye uko unakaa tu hapa?"

Nikamuambia uso sina. Nitasimama mbele yake, na hii kinywa yenye haichokake itakosa neno.

Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Nitakupeleka mimi. Sitasema ku nafasi yako, koko. Lakini hata ukinyamaza pale mupaka jua ishuke, sitakuacha mukono."