Mkate wa Kumpokelea Mkwe wa Kirusi

Mwanangu alirudi mtaani kwetu Komarock kutoka masomoni Urusi akiwa na mchumba, na kabla sijazoea kumwita binti yangu, nikaambiwa mama yake ana ombi moja tu: harusi ifuate mila za kijijini kwao.

"Mama, kazi yako ni ndogo," mwanangu alisema. "Utatupokea mlangoni na mkate wa mviringo uliopambwa, na kikombe cha chumvi juu yake. Wanauita karavai."

Ndogo! Mimi maisha yangu yote nimepika chapati. Na akina mama wa kanisani waliposikia habari za chumvi mlangoni, mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama pasta anajua. Nilicheka, lakini roho haikutulia.

Jirani yangu, mzaliwa wa Lamu anayeoka keki za kuuza, alinipa oveni yake. Mkate wa kwanza ulipasuka katikati. Wa pili ulipendeza nje, ndani ukawa mbichi.

"Dada, hamira haitaki haraka," aliniambia. Lakini zilikuwa zimebaki siku tatu.

Siku hiyohiyo mama wa bibi harusi akawasili. Nilikuwa nikimwogopa tangu nilipoona picha yake: mwanamke mrefu, midomo ameibana. Alikunywa chai, kisha akaomba kuona mkate. Sikuwa na pa kujificha. Nikamletea ule wa pili. Akaubonyeza kwa kidole, akanitazama, akasema maneno machache.

"Anasema ule aliooka yeye kwa harusi ya dada yangu," binti akatafsiri huku akijizuia kucheka, "hata mbwa aliukataa."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yeye naye akacheka, akakunja mikono ya blauzi, akauliza unga uko wapi.

Tulioka kwa jirani mchana kutwa. Hatukuelewana hata neno. Alinishika vidole akanionyesha kusuka unga kama nywele. Desturi yao ni kuupamba mkate kwa ndege wadogo. Mume wangu, ambaye ni mchongaji wa vinyago, alituchungulia, akachukua kisu na donge la unga, akatoa kanga mnene mwenye madoa. Mgeni wetu alimpigia makofi. Kisha akamweka kanga huyo katikati kabisa ya mkate.

Jumamosi nilisimama mlangoni na mkate juu ya taulo la kitani lenye maua mekundu. Maharusi wakachovya vipande katika chumvi, wakang'ata. Kwa mila yao, atakayeng'ata kikubwa ndiye atakayetawala nyumba. Binti alijaza mdomo mpaka akashindwa kujibu pongezi, na shangazi zake mwanangu wakapiga vigelegele.

Wageni walipopungua, mama wa bibi harusi alivua viatu, akaketi karibu nami kwenye ngazi, akaniegemea begani. Tukakaa hivyo hadi walipotuita kupiga picha.