Nyumba ya Lizaboni Haiuzwi

Nyumba yetu ya Lizaboni, hapo Songea, ilinuka tumbaku. Baba alikuwa na lori la mkopo, akisomba marobota ya wakulima wa Namtumbo, na mzigo uliochelewa ulilala sebuleni kwetu. Harufu ile nzito, yenye kuwasha koo, iliingia kwenye mashuka, kwenye sare za shule, hata kwenye ugali. Kisha masika moja lori likaua injini, wenye mzigo wakatafuta wasafirishaji wengine, na harufu ikaanza kufifia. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba baba amefilisika: nyumba ilianza kunuka kama nyumba za watu wengine.

Wakati huo baba na mama walikuwa tayari na kesi ya talaka, na baba amehamia kwa dada yake, mtaa wa pili. Siku dalali alipokuja kutuambia kwamba benki inauza nyumba kwa deni la lori, mama alikuwa akipepeta mahindi.

“Lakini mama, si uliweka sahihi mwenyewe?” dalali alishangaa.

“Mimi? Benki sijaingia hata kuomba maji.”

Jioni hiyo mama alinipa mkaa, nikaandika ukutani kwa herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Ndiyo maandishi yangu ya kwanza kusomwa na umma, na hadi leo, pamoja na shahada yangu, sijaandika mengine yenye wasomaji wengi hivyo.

Kesho yake shangazi alikuja analia. Ni yeye aliyejifanya mke wa baba pale benki, akiwa amejifunga kanga ya mama. Mama alimsogezea kigoda.

“Haya wifi, siku hiyo ulipokuwa mimi, ulipika nini?”

Shangazi akacheka huku machozi yanamtoka. Lakini kumshtaki kaka yake hakuweza. Alisema baba aseme mwenyewe. Na hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Baba akinyamaza, nyumba inauzwa, deni linaisha, anakuwa huru. Akisema kweli, nyumba inapona, maana haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke, lakini deni na aibu vinabaki shingoni mwake, pengine na pingu mikononi.

Wajomba walitaka akatukanwe mbele ya watu. Mama alikataa. Kila Jumapili baada ya misa alitutuma mimi na dada yangu tumpelekee baba togwa, tupige magoti, tuamkie, na neno la nyumba lisitutoke. Mimi, niliyekuwa wa kwanza darasani, niliona mama hana akili.

“Mama yenu hajambo?” baba aliuliza.

“Hajambo.”

“Amesemaje?”

“Amesema unywe, baba, isije ikachacha.”

Alikunywa akitazama pembeni.

Kesi ya mama ya kuzuia mnada ilipofika, nilikwenda mahakamani na sare ya shule, nikidhani ni kama mtihani. Baba alisimama, suruali imempwaya. “Mheshimiwa, huyu mama hakusaini kitu. Niliyempeleka ni dada yangu, na kosa ni langu.” Mficha uchi hazai, wanasema, lakini kuufunua mbele ya watu nako si mchezo. Mama aliinamisha macho, kama aliyemkuta mwenzake anaoga.

Nyumba ilibaki. Pingu hazikuja, ila baba aliendesha malori ya watu kwa miaka mingi akilipa. Mahakama ilivunja ndoa. Kanisa likasema halina habari hiyo.

Juzi nilipoomba mkopo, ofisa wa benki alitaka mke wangu afike mwenyewe, na picha na alama za vidole. Akamtazama usoni, akatazama kitambulisho, akamtazama tena. Mke wangu alikasirika. Mimi nilifurahi, ingawa najua hakuna alama ya kidole ambayo ingemsimamisha baba mahakamani siku ile aseme kweli.

Miguu ya baba sasa haina nguvu, na mama amempa chumba cha uani. Hawajarudiana. Kila asubuhi huja mlangoni na mkongojo wake, anabisha hodi na kusubiri, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

“Pita basi,” mama humjibu kutoka ndani, “unaingiza baridi.”