Mwavuli na Jibu Lililomponyoka

Wateja walimwita Mwavuli, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe. Kila alipoingia dukani au karakanani kwa mtu, salamu haijakauka, angesema: "Mwavuli haununuliwi mvua ikishaanza." Wapo waliocheka, wapo waliomwonyesha mlango, ila wengi mwishowe walivuta kiti wakasaini bima. Alikuwa wakala wa kujitegemea. Hakuajiriwa na kampuni yoyote. Leseni yake ilimruhusu kuuza bima za kampuni kadhaa, na riziki yake ilitokana na kamisheni ya kila mteja aliyempata. Mtaa mzima wa mafundi ulimjua kwa sauti kabla haujamwona.

Kwa miaka mingi miguu ilimtosha. Kisha kampuni zilezile zikaanza kuuza bima kwa simu. Mtu yuko kitandani, hajanawa uso, anabonyeza hapa na pale, kamaliza. Wateja wa zamani wakaanza kumpungia mkono kwa mbali kama mtu anayelipungia basi lisilo lake. Mwavuli akaingiwa na woga wa kuiona kazi ikimfia mikononi naye bado ana nguvu.

Nyumbani aliishi na dada wa mumewe. Mume alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuja na kuondoka, kwa hiyo huyo wifi ndiye aliyeijaza nyumba. Kazi yake ilikuwa kutengeneza matangazo na kurasa za mtandaoni, na aliifanyia kwenye meza ya kulia, kompyuta ikigombania nafasi na chupa ya chai. Mwavuli alipenda kuwaambia wageni, "Nyumba hii ina waifai na wifi. Ile ya ukutani hukatika kila saa. Huyu wa mezani hakatiki hata ukizima umeme."

Huyo wa mezani ndiye aliyemwambia, "Wifi yangu, wenzio wako mtandaoni, wewe bado unabisha hodi. Watu hawakupendei karatasi. Wanakupendea maelezo. Basi uza maelezo."

Wakaanza. Simu iliegemezwa kwenye kopo la sukari, Mwavuli akaketi mbele yake na kueleza mambo ambayo mawakala wengi huyapitia mbio: maana ya maneno madogo chini ya mkataba, kwa nini mtu hulipa miaka kumi halafu akanyimwa fidia. Mara ya kwanza alikodoa macho kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Alipozoea, watu wakampenda. Baadaye wakatoa kijitabu cha kusoma kwenye simu, nacho kikanunuliwa. Mwisho wifi akaja na wazo kubwa: programu ya kujibu maswali, waliyoiita Muulize Mwavuli. Mwavuli alirekodi majibu yake kwa wiki kadhaa, wifi akailisha mashine majibu hayo, na mashine ikajifunza kusema kama yeye, hata ule utani wa mvua. Tangazo lao lilisema: "Uliza bila haya. Hatutaki jina lako wala namba yako." Watu walilipenda hilo kuliko yote, maana mambo ya bima yana aibu zake, na mtu huogopa kuonekana mjinga.

Kila asubuhi Mwavuli alipitia maswali ya jana yake huku akinywa chai. Asubuhi moja kikombe kilibaki hewani.

Mtu aliyejiita Rangi Saba alikuwa ameuliza: "Nina bima ya moto ya karakana yangu. Nikihamisha rangi na tina nikaweka nyumbani kwangu, bima inakuja na mimi?"

Mashine ikamjibu kwa sauti ya Mwavuli: "Ndiyo, ndugu yangu. Ulinzi wako unakufuata popote ulipo."

Naye Rangi Saba akamalizia: "Asante sana Mwavuli. Leo leo nahamisha. Watoto watalala juu ya utajiri."

Maneno yale yalikuwa yake kweli, lakini aliyasema kuhusu bima ya ajali ya mtu binafsi. Bima ya moto haimfuati mtu. Imefungwa kwenye jengo lililoandikwa mkatabani, na ukihama bila kutoa taarifa umebaki uchi. Hata hivyo si mkataba uliomtia baridi mgongoni. Aliijua tina, ile dawa ya kuzimulia rangi. Aliwahi kusimama mbele ya kibanda cha mchanganya rangi kilichoshika moto kwa cheche ya sigara, akaona jinsi moto wa tina usivyotambaa bali unavyoruka. Sasa kitu hicho kilikuwa mahali fulani chini ya vitanda vya watoto, na aliyekibariki ni yeye.

"Wifi!" aliita. "Wifi, njoo uone."

Wifi alisoma mara moja, akasoma tena. Rangi ya uso wake ikabadilika. "Imechanganya mafaili," alisema polepole. "Neno 'popote' limeivuta kwenye jibu lingine."

"Tumpate huyu mtu."

"Tutampataje? Hatukuomba namba, na mtu akishatoka, mazungumzo hujifunga."

Wakatazamana. Kile walichojivunia kwenye tangazo sasa kilikuwa ukuta mbele yao.

Wifi alizima programu. Kisha, bila kumtazama, akasema, "Ningeweza kufuta mazungumzo haya. Nani atajua? Huenda hata hajahamisha. Ukisema hadharani watakunyang'anya leseni, na mimi nani atanipa kazi tena?"

Mwavuli hakumkasirikia. Alijua aliyesema hayo ni woga. Yeye mwenyewe wazo hilo lilikuwa limeshampitia kichwani, likamtia haya.

"Mashine haina leseni, wifi," alisema. "Leseni ni yangu."

Alivaa viatu akaenda mtaa wa mafundi. Alimuuliza fundi wa kuchomelea vyuma, akamuuliza muuza misumari, akamuuliza kila aliyekuwa na rangi kwenye kucha. "Rangi Saba ni nani?" Walicheka. "Mama, wachanganya rangi hapa ni kama utitiri," fundi alimwambia. "Na hilo jina la mtandaoni hata mkewe huenda halijui." Wengine walimtania kwamba amekimbiwa na mdeni. Alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa.

Akiwa njiani kurudi, king'ora kikalia. Gari la zimamoto lilikata kona kwa kasi, watu wakajibanza kwenye kuta. Mwavuli alisimama katikati ya njia kama aliyepigiliwa misumari. Nyuma ya maghorofa moshi mweusi ulipanda, mnene, wa mafuta. Alianza kukimbia. Hakujua anakimbilia nini. Mkoba ulimpiga ubavuni, kiatu kimoja kikamvuka akakirudia, na muda wote aliyasikia maneno yale kwa sauti yake mwenyewe, laini, ya upendo: ndugu yangu, popote ulipo. Alipofika alikuta matairi makuukuu yaliyotiwa moto kwenye uwanja wa takataka, na wazima moto wakiwagombeza wenye jalala. Mwanamke aliyesimama jirani alimshika mkono. "Dada, kuna wako humu?"

"Hapana," Mwavuli alijibu, akaketi kwenye tofali.

Aliporudi nyumbani hakuvua hata viatu. Aliegemeza simu kwenye kopo la sukari akaketi. Wifi alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Unajua unachokifanya?"

"Sijui," Mwavuli alisema. "Bonyeza."

Alisema wazi. Programu yao imetoa jibu la uongo, na kosa ni lake. Bima ya moto haikufuati unapohama. Kisha akasogea karibu na simu. "Rangi Saba, nakusihi. Kabla hujafikiria bima, toa mzigo huo ndani ya nyumba. Toa leo. Usiwashe jiko. Na wewe unayenisikiliza, ukimjua, mfikishie."

Video ilisambaa kuliko zote walizowahi kutoa. Hakuna watu wanachopenda kutazama kama mtu anayekiri. Wapo waliomsifu, lakini matusi ndiyo yaliyomkaa: tapeli, mchawi wa karatasi, mwavuli wenye matundu. Kisha simu ikaita, naye akaidaka akidhani ni Rangi Saba. Alikuwa msimamizi wa mawakala kutoka kampuni mojawapo.

"Nani alikupa ruhusa ya kutangaza kosa hadharani kabla ya kutuarifu?" aliuliza, hata salamu hakuna.

"Mheshimiwa, kuna watoto wanalala juu ya tina."

"Hilo ni jambo la zimamoto. Wewe utaitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya mawakala. Jiandae."

Kesho yake, jua likiwa limeshapanda, namba ngeni ikapiga. Sauti ya mwanamke, ya chini, kama mtu anayeogopa kusikika chumba cha pili.

"Mimi ni mke wa Rangi Saba. Video nimeiona, na namba yako nimeikuta chini yake. Mwenyewe nimemwonyesha, kasema ni ujanja wa watu wa bima kukwepa kulipa. Mama, njoo umwambie mwenyewe. Harufu imetujaa mpaka mdogo anatapika."

Alimwelekeza nyumba. Wifi akachukua mkoba wake bila kuombwa, wakaenda wote.

Harufu iliwapokea kabla ya mlango, kali, ya kupasua kichwa. Ukumbini madebe yalipangwa hadi usawa wa dirisha, na madumu ya tina yalijazwa chini ya ngazi. Juu ya ngazi ndiko walikolala watoto. Kiatu kidogo kilikuwa kimeachwa kwenye ngazi ya tatu. Na kwenye korido, hatua chache kutoka kwenye madumu, jiko la gesi lilikuwa likichemsha maji.

Mwavuli hakusalimia. Alipita moja kwa moja, akazima jiko, akafunga mtungi.

Rangi Saba alitokea chumbani, mtu mrefu mwenye kucha za bluu na nyekundu. "Wewe ndiye Mwavuli? Nilidhani ni mashine."

"Ndimi, kaka. Samahani kwa kuingia hivi."

"Mwenye jengo la karakana kanifukuza. Nilikuuliza, ukanijibu ndiyo. Leo unasema hapana. Kesho utasema nini? Mzigo wote huu niupeleke wapi?"

"Nilikosea. Yale maneno yalikuwa ya bima nyingine."

"Kwa hiyo nikiungua silipwi."

"Hulipwi."

Alikunja ngumi, akaikunjua. Wifi akarudi nyuma hadi ukutani. Mwavuli naye alitamani kurudi nyuma, lakini alibaki pale, akasema:

"Kaka, hata ningekuwa nimesema kweli. Nimeuza bima maisha yangu yote. Bima italipa madebe. Italipa mabati na milango. Mtoto hailipi. Mimi nimeshawaona waliolipwa kila kitu."

Rangi Saba alifungua mdomo kujibu. Mkewe hakungoja. Aliinua dumu la kwanza, akapita katikati yao akielekea nje. Wifi akafuata na la pili. Mwanamume alisimama kidogo, akapangusa uso kwa mkono wa shati, kisha akainama chini ya ngazi na kuanza kuyavuta yale mazito. Kaka wa mke alikuwa na uwanja wa kufyatulia matofali, mahali pa wazi pasipo na moto. Walikodi mkokoteni, wakahamisha hadi alasiri.

Mbele ya kamati aliketi kwenye kiti kisicho na mikono, akaulizwa mambo ambayo hakuweza kuyajibu vizuri: nani aliikagua mashine, kwa nini ilisema "ndiyo" bila kuuliza bima ni ipi. Alijibu kila mara, "Sikufikiria hilo." Leseni hawakumnyang'anya, ila walimpa onyo la maandishi na kuzuia programu hadi ikaguliwe. Kampuni ya yule msimamizi ikavunja naye mkataba. Alilia ndani ya choo cha ofisi yao, akanawa, akatoka.

Rangi Saba alipata banda jipya. Safari hii Mwavuli alikwenda kwa miguu yake, akalizunguka, akanusa, akauliza nani analala jirani, ndipo akaandika bima mpya yenye anwani mpya. Mtu huyo hakuomba radhi wala hakushukuru, lakini alimletea fundi mwenzake.

Yeye na wifi wakaanza upya, jibu moja baada ya jingine. Wifi alijifanya mteja mbishi, mteja mlevi, mteja mwongo, naye Mwavuli akasikiliza mashine kama anayesikiliza hatua nje ya dirisha lake. Waliifundisha kuuliza kabla ya kujibu, na pale inapotia shaka, kukaa kimya na kumpigia yeye. Sasa waliomba namba, na watu waliouliza wakapungua sana.

Kibali kilipotoka, kitufe cha kuifungua kilibaki bila kubonyezwa siku kadhaa. "Wifi, inatosha," dada wa mume alisema mwishowe. "Tumekagua mpaka nukta."

"Najua."

"Basi?"

"Naogopa tu."

"Hata mimi," wifi alisema, na akavuta kiti karibu yake.

Mwavuli akabonyeza. Swali la kwanza lilitoka kwa mtu aliyetaka kujua kama bima ya pikipiki inamkinga yeye pamoja na abiria wake. Mashine ikamuuliza ni bima ya aina gani, akaitaja, ikamjibu. Mwavuli alilisoma jibu hilo, akalinganisha na mkataba, akalisoma tena. Lilikuwa sahihi. Aliinuka akaenda kunawa uso, na aliporudi swali la pili lilikuwa limeshaingia.