Watoto wa Sanduku la Marehemu

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuja kutoka Chebunyo na punda wawili kulichukua sanduku la vifaa Jumanne ya pili ya Julai, 1934. Yeye hudai ilikuwa Alhamisi. Ilikuwa Jumanne, siku ya posho katika shamba la chai. Nami kalenda nilijifunza ukubwani, nikiwa tayari mjane, kwa hiyo sikujifunza kwa mzaha.

Mume wangu, aliyefariki Machi mwaka huo, alikuwa seremala wa shamba hilo, nje kidogo ya Kericho. Ufundi aliupata kwa watu waliozungumza Kiswahili, na kama wao, droo aliziita watoto. Sanduku lake la mwerezi lilikuwa na watoto watatu. Mimi sikuwa na hata mmoja, na hapo ndipo shemeji alipopata hoja: nyumba isiyo na mwana haina wa kurithi vifaa. Nami nilikuwa na hoja yangu. Wachumaji waliohamia kambini kutoka upande wa ziwa walitaka masanduku ya nguo, na randa niliijua. Bila vifaa vile ningerudi kwa kaka zangu kulishwa kama ndama aliyefiwa na mama.

"Mke wetu," shemeji akasema, akilizunguka sanduku, "ndugu yangu alijitahidi. Ameacha watoto watatu, wote wa mbao."

"Na wote wana adabu, shemeji. Hawaendi kwa watu bila kualikwa."

Alitaka kuona alichokuwa akikirithi, akavuta droo ya juu. Haikusogea, mvua za Julai zilikuwa zimeivimbisha mbao. Akaweka mguu ukutani, akavuta tena. Kishikio kiling'oka, naye akaketi sakafuni nacho mkononi. Nilimpa pole, lakini si kwa haraka.

"Hawa wanataka kupakwa," akatangaza.

Kwetu, kila kigumu hupakwa siagi ili kilainike na kibarikiwe: ngozi, kigoda, hata bibi harusi. Akaomba siagi yangu, akaisukuma kwa vidole katika mianya yote ya droo, akinong'ona baraka kana kwamba analioza sanduku. Nikamwambia kwamba marehemu alikausha mbao kwanza, kisha akapaka nta ya nyuki.

"Mwanamke hanifundishi mbao."

Nikamwachia kazi yake. Siagi yenyewe ilikuwa imeanza kuchacha.

Kulipopambazuka alirudi kutoka kwa jirani alikolala, akaingiza vidole mwanyani kuona kama baraka imeshika. Siafu walikuwa wametangulia. Wale wadudu hawana heshima kwa wageni: walimpanda mkononi, wakaingia ndani ya blanketi, wakamfuata hadi mahali ambapo shemeji ya mtu hapaswi kupatazama. Nilipatazama.

"Amekasirika!" alipiga kelele uani, akirukaruka uchi. "Ndugu yangu amekasirika!"

Marehemu hakuwahi kukasirika katika maisha yake isipokuwa ugali ulipopoa, lakini sikuona haja ya kumtetea.

Niliwafukuza siafu kwa majivu ya moto, nikalikokota sanduku hadi karibu na moto wa jikoni. Mchana mbao zilikuwa zimenywea, na droo ya juu ikatoka kwa kugongwa kidogo. Nikakwangua siagi. Chini yake niliona kwamba reli ya kushoto, ule ubao mwembamba ambao droo huteleza juu yake, ilikuwa imelika upande mmoja kama kisigino cha kiatu. Ndiyo maana droo ililala na kukwama hata kabla ya mvua. Niliing'oa kwa patasi, nikachonga nyingine ya mwerezi, nikaigandisha kwa gundi na misumari midogo, nikapitisha randa. Mwishowe nikasugua nta, kavu na kidogo, mpaka mbao ikang'aa.

Shemeji alikuwa akitazama kutoka mlangoni, blanketi likiwa limefungwa vizuri sana sasa. Nikasukuma droo kwa kidole kimoja. Ikaingia bila sauti. Nikaivuta, ikaja.

"Kwako imekubali," akasema polepole.

"Naona hivyo."

"Basi amechagua. Kaa nalo, mke wetu. Lakini hasira ile utaiweza?"

"Nilimvumilia akiwa mume, shemeji," nikamjibu. "Akiwa siafu hatanishinda."

Akaondoka na punda wake wawili, migongo mitupu.