Swali la Tano

Kwa miaka miwili kazi yangu ilikuwa kwenda majumbani kwa watu kuuliza kama wamepona. Niliajiriwa na mradi uliokuwa unasaidia zahanati za Simiyu kutibu wagonjwa wa akili na watu walioshindwa kuacha pombe. Zahanati haikulipwa kwa kutoa dawa. Ililipwa kwa mgonjwa aliyepona, na posho ya nesi ilitoka humo humo. Ili nesi asijiandikie tu kwamba wamepona, nikatumwa mimi na tableti yenye maswali kumi. Tulipoelezwa ofisini Bariadi, niliona ni haki kabisa.

Nyumba ninayoikumbuka iko ndani ndani kutoka Dutwa. Ulikuwa msimu wa kuchuma pamba. Nesi wa zahanati ile, mama wa makamo mwenye miguu iliyovimba, alinisindikiza hadi pale, kisha akaenda kukaa mbali kwa majirani, maana sheria ilikataa asikie majibu.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia mama mwenye nyumba. Alikuwa bibi wa miaka sabini hivi. Aliniwekea kigoda, na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na karanga kwenye sahani, nami nikaanza kuuliza, nikitafsiri Kiswahili cha mradi kuwa Kisukuma.

Mgonjwa alikuwa mwanawe, mtu mzima wa miaka arobaini. Alikuwa amelala ghalani miaka sita akiwa amefungwa mguu. Sasa alikuwa analala kitandani, anaoga mwenyewe, anachunga mbuzi. Nilipokuwa kwenye swali la tatu alipita, akanisalimia vizuri, akaniuliza kama nimekuja kununua mbuzi. Nikamwambia hapana. Akaenda zake.

Swali la tano lilisema: katika mwezi uliopita, mgonjwa amesikia sauti za watu wasiokuwepo?

"Anasikia," bibi akasema. "Jioni jioni. Zamani zilikuwa zinamtuma atupige. Siku hizi anaziambia, ngojeni kwanza nifunge mbuzi."

"Kwa hiyo niandike anasikia?"

"Andika. Mimi mtu wa kanisani, siwezi kukudanganya. Lakini andika na hiyo ya mbuzi."

Hapakuwa na mahali pa kuandika ya mbuzi. Nilibonyeza ndiyo, fomu nzima ikageuka nyekundu, yaani hajapona, hata yale majibu manne mazuri ya mwanzo. Maswali matano yaliyobaki nilimalizia kwa kutimiza tu wajibu.

Nilimpitia nesi kwa majirani, na tulipokaribia barabara akaniuliza.

"La tano umeweka nini?"

"Unajua siruhusiwi kukwambia, dada."

"Basi nimeshajua." Akasimama kupumzisha miguu. "Yule mtu nilimfungua kamba mimi, kwa mikono hii. Ilikuwa imeingia kwenye nyama. Kuna wenzetu wanachukua mtu anayekunywa chupa mbili za Jumamosi, wanamwambia aache, anaacha. Kapona huyo. Mimi naletewa waliofungwa."

"Na wewe si uchague?"

Nilisema hivyo kweli, na mpaka leo naona aibu.

"Wakishafika mlangoni nawarudisha wapi?" akaniuliza. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka tu, na mimi nilikuwa nimechoka, na jua lilikuwa kali. Tukapanda bodaboda moja hadi Dutwa.

Kwenye kikao cha Bariadi matokeo yalisomwa mbele ya watu wote. Zahanati yake ilikuwa ya pili kutoka mwisho. Waliopigiwa makofi walikuwa manesi wa wale wagonjwa wa chupa mbili. Nesi alikaa nyuma, amepakata mkoba, akawa anaandika kila kinachosemwa kama mwanafunzi.

Baada ya kikao nilimfuata msimamizi wangu, nikamweleza habari za swali la tano. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nakuelewa," akasema. "Lakini wafadhili wanataka ndiyo au hapana. Na mimi nina fomu yangu napimwa nayo, idadi ya nyumba mlizofika. Wiki hii mko nyuma."

Kesho yake nikaenda kwenye nyumba nyingine.

Miezi michache baadaye nesi aliomba ahamishiwe kliniki ya mama na mtoto, akakubaliwa. Aliyeshika nafasi yake alianza kuwaelekeza wagonjwa wazito waende hospitali ya Bariadi, na matokeo ya zahanati yakapanda. Mkataba wangu ulipokwisha sikuomba mwingine.

Mwaka jana nilimpeleka mwanangu hospitali ya Bariadi, ana homa, nikamkuta yule bibi kwenye foleni na mwanawe. Wanakuja kwa ajili ya sindano ya kila mwezi, na wanatoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Nikamuuliza hali.

"Yupo," akasema. Kisha akanieleza, bila kulalamika, kwamba masika barabara ilikatika, wakakosa miezi miwili, mwanawe akavunja mlango wa jirani. Waliporudi kwenye dawa alitulia. Mlango wakautengeneza wenyewe, mwanawe ndiye aliyeshika mbao.

Mwanawe alikuwa amekaa pembeni yake, kadi ya kliniki mkononi, midomo ikicheza kidogo. Walipoitwa, alimshika mama yake kiwiko amsaidie kusimama, wakaingia. Mimi nikampeleka mtoto maabara.