Maimuna Amsomea Kaka Yake Habari za Shirazi

Kisukari kilipomaliza macho ya Mzee Zahoro, dada yake Maimuna alihamia kwake Mchafukoge, ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya vipuri. Maimuna alikuwa mjane, katibu muhtasi mstaafu. Zahoro alikuwa ameuza vitambaa Mtaa wa Kongo tangu ujana wake, na mkewe alishatangulia mbele ya haki. Wakabaki wawili na redio yao.

Mwaka ule redio haikuisha kuitaja Irani. Makombora yalikuwa yakianguka huko, na kila jina la mji lilipotajwa Zahoro alishika kichwa. Ukoo wao ulijiita Washirazi, watu wa asili ya mji wa Shirazi huko Irani. Marehemu baba yao aliwalea hivyo, na Zahoro aliubeba ushirazi ule maisha yake yote, kama mtu anayepita sokoni na sahani ya kaure mkononi. Siku moja akamwambia dada yake kwamba amechoka na habari za mabomu. Alitaka kujua watu wa huko wanaishije, wanakula nini, wanagombania nini majumbani mwao.

Maimuna akaenda kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza bidhaa zao kando ya barabara, akarudi na riwaya mbili za Kiingereza zilizotungwa na Wairani. Zahoro hakujua Kiingereza. Basi kila baada ya sala ya alasiri Maimuna alisoma kipande kimoyomoyo, kisha akamsimulia kwa Kiswahili.

Riwaya ya kwanza ilimvunja moyo mzee. Alitarajia wafalme na majumba. Akakutana na mwalimu wa Tehran anayepanga foleni ya mafuta ya taa, na mama anayeficha picha za mwanawe aliyefungwa.

"Mbona hawa wana shida kama sisi?" aliuliza.

Maimuna akamjibu kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Lakini taratibu hadithi ikamteka. Asubuhi, akiwa bado kitandani, alikuwa akiuliza kama yule mwalimu amepata mafuta, kama mtu anayeulizia jirani.

Riwaya ya pili ilikuwa ya Shirazi kwenyewe. Mahini, binti wa mfanyabiashara wa mazulia, alipendana na kijana wa wafugaji wanaohamahama milimani. Kijana akaja kuposa. Maimuna alipofika hapo akaweka kidole kwenye ukurasa.

Zamani, yeye akiwa msichana, Isidori, fundi seremala aliyetoka Masasi, alikuja kwao kuposa, tena akiwa tayari kusilimu. Baba yao alikuwa ameshafariki, kwa hiyo aliyetoa jibu ni Zahoro. Alisema binti wa Kishirazi haolewi na mtu wa kuja. Maimuna akaozwa kwa mwingine, mtu mpole, wakaishi bila kujaliwa mtoto mpaka mume alipofariki.

Angeweza kuuruka ukurasa ule, na kaka yake asingejua. Hakuuruka.

"Sisi tuna asili yetu," alisimulia maneno ya baba yake Mahini. "Hatuchanganyi damu na watu wasio na kwao."

Zahoro akasema inatosha kwa leo. Zikapita siku kadhaa hakuulizia kitabu. Asubuhi moja, bakuli la uji likiwa mapajani, akauliza Isidori yuko wapi siku hizi.

"Yupo Ilala," Maimuna alisema. "Bado ana karakana yake."

"Mwambie aje. Kama atakubali."

Isidori alikuja amevaa shati lililopigwa pasi, mvi kichwa kizima. Wakaongea kuhusu Kariakoo ya zamani, kabla ya maghorofa, na nani amekufa na nani yupo. Kisha Zahoro akamwomba dada yake asome. Siku hiyo walifika pale yule kijana alipouawa vitani, kwenye mpaka na Iraki, na habari zikamkuta Mahini akiosha mchele.

Isidori aliitazama mikono yake. "Mimi angalau nimezeeka," alisema.

Zahoro akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa mgeni. "Nilikukosea, Isidori. Na huyu nilimkosea."

Isidori hakusema kwamba yameisha. Wala hakuuondoa mkono.

Zahoro alifariki kabla ya Ramadhani. Isidori alisindikiza jeneza na wanaume hadi makaburini Kisutu, akasimama nyuma kidogo. Mazishi yalipokwisha alimtumia Maimuna salamu za pole kutoka kwake na kwa mkewe, akarudi kwenye kazi yake.

Riwaya Maimuna aliimalizia peke yake. Mahini aliolewa, akazaa, akazeekea mjini Shirazi, akamuuguza baba yake mpaka siku ya mwisho. Mwandishi hakusema kama alimsamehe. Maimuna aliusoma tena ukurasa ule wa mwisho, taratibu, akitafuta sentensi yoyote aliyoipita bila kuiona. Haikuwepo. Adhana ya magharibi ikaanza, akainuka kutia udhu.