Jumamosi ambayo sikupiga makofi kwenye mkutano wa kartiye

Wakuu, heshima kwenu.

Hii si ya kusimuliwa, imenikuta mi mwenyewe hapa Bujumbura. Kiswahili changu ni cha huku Buja, mtanivumilia. Kartiye, yaani mtaa wetu, sitaitaja.

Kwa wasiojua, huku kwetu Jumamosi asubuhi ni kazi za pamoja. Maduka yanafungwa, kila mtu anatoka na jembe au ndoo.

Sisi tunajenga sale, ukumbi wa mikutano ya kartiye. Kazi ikiisha, chef wa kartiye, mkubwa wetu, anasimama, anasoma maamuzi, watu wanapiga makofi. Makofi ndiyo kura yetu. Yakishapigwa, imepita hiyo.

Mi nauza ndagala, hawa dagaa wa ziwani, na mkaa barabarani. Kwenye parsele yetu, kiwanja kimoja, tunakaa na Mama Riziki, mama mtu mzima aliyetoka Uvira zamani, fundi wa kushona. Sasa amepooza upande wa kulia na hana mtoto karibu. Anaishi kwa ule msaada wa familia zisizojiweza: mchele, maharage na mafuta kila mwezi. Mi ndiye namchukulia.

Basi chef akasema sementi imepanda bei, sale imekwama. Kwa hiyo wanaopokea msaada wataacha nusu, iuzwe, ujenzi uendelee. Na asiyekuja kazini mwenyewe, anaondolewa kabisa kwenye msaada.

Watu wakapiga makofi. Tena kwa nguvu, hata wale wanaopokea!

Mi nilikuwa na karai la mchanga kichwani, nimelishika kwa mikono miwili. Wakuu, Mungu ni shahidi, sikugoma. Siasa na mi wapi na wapi? Nilikuwa nimeelemewa tu.

Chef akaniona. Akanyoosha kidole. Watu wote wakageuka.

"We mama wa karai, hukupiga makofi. Uko na neno?"

Hapo mtu mwenye akili anasema apana, chef, nimeshika mzigo. Watu wanacheka, yanaisha. Lakini mdomo wangu huu jamani, sijui nani aliniroga.

"Chef, na ule hawezi kusimama, atakuja kubeba tofali namna gani?"

Akamnong'oneza mtu wa pembeni yake, na yule akaniangalia kuanzia miguuni mpaka kichwani. Mkutano ukafungwa.

Kurudi nyumbani, wanawake ninaotembea nao kila Jumamosi wakavuka, wakapita upande wa pili wa barabara.

Jumatatu mezani kwangu hakuja mtu. Akaja mmoja tu, simjui, amevaa kofia. Hakununua kitu. Akauliza naishi wapi na nakaa na nani. Nikamwelekeza uongo, utafikiri hakuna anayenijua pale.

Nikamwambia mume wangu, Baba Asha. Nilitegemea anigombeze. Hakunigombeza, na hapo ndipo niliogopa kweli. Alikusanya nguo za watoto kimya kimya, akawapeleka kwa dada yangu anayekaa Ngagara. Hatukumwambia mtu.

Kisha chef akatuma mtu, ananiita nyumbani kwake.

Nilikwenda. Nikapewa kiti, nikapewa Fanta. Nikaishika mkononi tu. Chef hakuwa na hasira hata kidogo, anaongea polepole kama shemeji. Akauliza habari za biashara. Akauliza habari za watoto, mmoja mmoja kwa jina.

Akasema, "Ngagara wamepazoea?"

Wakuu, nikaiweka Fanta chini.

Ndipo akaniambia msaada wa Mama Riziki hautakatwa, atapata wote. "Jumamosi mumulete, watu wamuone. Na we uje na mikono mitupu."

Tulimbeba kwenye kiti cha plastiki, mi na Baba Asha. Chef akawaambia watu kwamba kartiye haijasahau wanyonge, huyu mama atachukua chakula chake chote. Kwa wengine, ni vile tulivyokubaliana, nusu.

Makofi.

Nilipiga, tena wa kwanza. Nilipiga mpaka viganja vikawaka.

Mara nikasikia pa, pa, pa pembeni yangu. Ni Mama Riziki, anapiga paja lake kwa ule mkono mmoja mzima. Wala hakuwa anamwangalia chef. Alikuwa ananiangalia mi, machozi yanamtoka.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza kwa nini alijisumbua, nani angemlaumu na hali ile? Anaongea kwa shida siku hizi. Akasema, "Ili wasiseme ni we umenikataza."

Nililia wakuu, sifichi.

Nilichojifunza ni hiki: nilidhani hofu ni yangu peke yangu, kumbe nimemgawia na yule niliyemsemea. Na wale waliokatwa nusu siku hizi wananisalimia vizuri sana, kwa sauti ya chini, wanauliza msaada wa Mama Riziki ulipona vipi. Wanadhani mi sasa ni mtu wa chef. Nawaambia sijui.

Watoto tumewarudisha, maana kuwaficha kumekuwa na maana gani tena?

Ungekuwa ni wewe umesimama pale, ungefanyaje? Niambieni ukweli, hata kama ni wa kunitukana. Jumamosi tunaezeka bati kwenye sale, na nitakuwepo.